Fundi Aliyezibwa Masikio

Nyumbani walimwita Msanii, na si kwa kumsifu. Alimaliza chuo kikuu na shahada ya sanaa za maonyesho, na tangu hapo kaka yake, mhasibu, hakuchoka kumchokoza: "Dada, leo umekula kweli au umeigiza?" Baba naye hucheka chini chini.

Baada ya kusota sana alipata kazi ya mapokezi katika kliniki ya masikio. Hakuna aliyejali alisomea nini. Alikaribisha wagonjwa, akawaita kwa zamu, basi.

Lakini aliona jambo. Wazee walipimwa, wakavalishwa vifaa vya kusikilizia, kisha wakavirudisha vimefungwa kwenye leso. "Vinapiga kelele tu, mwanangu," walimwambia. Daktari alilaumu vifaa, fundi wa kuvirekebisha akalaumu wazee.

Msanii akaanza kutazama kama alivyofunzwa: nani anamtazama nani, nani kakaa wapi. Akagundua kwamba fundi huongea huku ameinamia kompyuta, na maelezo yote humpa mtoto aliyemleta mzee. Mwenye masikio yake hukaa pembeni akiitikia kwa kichwa, asije akaonekana mjinga.

Akapiga moyo konde, akamfuata daktari.

"Dokta, naomba niwe nanyi wote asubuhi moja, kabla hatujafungua."

"Kufanya nini?"

"Kuigiza."

Daktari aliguna, ila akakubali.

Siku hiyo Msanii alimziba fundi masikio kwa pamba, akamkalisha kiti cha mgonjwa. Nesi akawa binti wa mzee, Msanii mwenyewe akawa fundi: akainamia kompyuta, akabwabwaja upesi upesi. Watu wakavunjika mbavu. Fundi naye akacheka, kwa kuwa wenzake wanacheka. Kisha kicheko kikamwisha. Akautazama mdomo huu, akautazama ule, akaitikia kwa kichwa.

Msanii akamgeukia, akamtazama usoni. "Umeelewa, mzee?"

Fundi akachomoa pamba taratibu. "Sikuambulia hata neno. Nimeitikia tu yaishe."

Hata nesi aliinamisha uso.

Kuanzia hapo mzee akawa anakaa mbele, mtoto wake pembeni, na fundi haongei mpaka macho yao yakutane. Vifaa havikuacha kurudi, ila vilipungua sana. Wengine walirudi navyo vikiwa masikioni, wakitaka virekebishwe kidogo tu.

"Hivi wewe ulisomea nini?" daktari akamuuliza siku moja.

"Maonyesho."

"Basi jiandae kufundisha wenzetu wa tawi la pili. Mapokezi nitatafuta mwingine."

Jioni, nyumbani, aliwapasulia habari mezani. Kaka akauliza kama mshahara nao utapanda. Utapanda kidogo, akamjibu. Baba aliweka kijiko chini.

"Kazi yenyewe sijaielewa vizuri," alisema. "Hebu nieleze, mama, tangu mwanzo."

Akavuta kiti karibu na baba yake, akaanza.