Ndege Aliyevaa Tai

Watu wazima, wengine wana wajukuu, walipanga foleni kupiga picha na boksi la plastiki. Niliwaona kwa macho yangu. Mmoja aligusa vitufe kwa ncha ya kidole kama mtu anayegusa kichanga, halafu akavua miwani na kufuta machozi. Nilimwonea huruma kidogo. Kisha nikakumbuka jinsi boksi lile lilivyonikalia mezani pangu miaka na miaka, huruma ikaniisha.

Hafla hiyo ilikuwa ya kuikumbuka kompyuta ya nyumbani ambayo mume wangu na mwenzake waliibuni tungali vijana. Wapenzi wa mashine za kale walikodi ukumbi, wakatandika vitambaa vyeupe mezani na kuzipanga juu yake kama maharusi. Nyingi zilikataa kuwaka. Hilo halikumshangaza aliyewahi kuishi nazo.

Mume wangu ndiye aliyebuni vya ndani, saketi na nyaya na kila kilichofanya kazi. Mwenzake alibuni vya nje, yaani boksi, rangi na maneno matamu. Bwana huyo hakutoka nyumbani bila tai shingoni, hata siku ya kuhamisha makabati, kwa hiyo wote walimwita Tai. Wao walimaanisha ile ya shingoni. Mimi nilimaanisha ndege.

Mashine ilizaliwa sebuleni kwetu kwa sababu Tai alisema kukodi ofisi ni anasa. Sebuleni kwake isingewezekana, kulikuwa na zulia jipya. Televisheni yangu ikageuzwa kuwa skrini yao, nami taarifa ya habari nikawa naisikiliza kupitia ukuta wa jirani. Meza ya chakula ikawa ya kulehemu, tukala sahani zikiwa magotini. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, nimekaa nyumbani kulea, na binti yetu alijifunza kutembea kwa kuruka nyaya.

Mume wangu alitaka boksi liwe na matundu ya kupitisha hewa. Tai akasema matundu yataiharibu sura. Basi mume wangu, ambaye mbele ya saketi ni simba na mbele ya Tai alikuwa kondoo, akanywea. Matokeo yake mashine ilichemka hadi wanunuzi wakawa wanaifunika vitambaa vya maji. Vitufe vilikuwa vya mpira, ukivibonyeza unadhani unaminya chura. Na ili ifanye chochote, ilibidi kwanza uipigie kaseti yenye programu, iliyolia kama paka aliyekanyagwa mkia. Ungoje, tena ungoje, halafu mtu akiugonga mguu wa meza, unaanza upya. Siku hizi wanaiita hiyo raha ya enzi zile. Ukipenda, chongo huita kengeza.

Mashine ilipokaribia kuingia madukani, nilimuuliza Tai watu wataifanyia nini wakishainunua. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu, miguu juu ya kingine.

"Shemeji," akasema, "wewe tuandalie chai tu. Haya mambo yana wenyewe."

Chai nilimpa. Lakini mtoto alipolala, nikaketi mbele ya ile mashine kwa hasira tupu. Maelekezo yake nilikuwa nimeshayasoma kila nilipoondoa makaratasi yao ili nipate pa kukaa, na hayakuwa na maajabu. Aliyeweza kuwafundisha watoto sehemu na desimali hashindwi na boksi. Nikatengeneza mchezo. Ndege mnene, kavaa tai, anatua juu ya paa la nyumba ya watu na kumeza kila kinachotoka mlangoni: sahani, viti, televisheni. Mchezaji kazi yake ni kumrushia viatu. Akipigwa sawasawa, tai inafunguka na ndege anapasuka. Nilimwekea hata upara.

Nilidhani mume wangu atacheka, yaishe. Badala yake alimpelekea Tai. Tai aliucheza mchana kutwa, akasema huyo ndege ana haiba ya kiongozi, akaamuru awekwe kwenye kaseti ya kila mashine. Mimi nikapewa mkono wa pongezi. Juu ya kaseti likaandikwa jina lake.

Kampuni haikudumu. Mashine zilirudishwa madukani zimeungua, na mafundi wakatawanyika. Mume wangu akaenda kutengeneza lifti hadi alipostaafu. Tai akapata kazi ya kuzungumza. Alizungumza redioni, akazungumza vyuoni, akawa mshauri wa watu ambao hawakumwomba ushauri.

Ndiye aliyepanda jukwaani siku ile, tai yake pana kama ubao, akasimulia jinsi wazo la mashine nzima lilivyomjia akiwa ananyoa ndevu. Mume wangu, pembeni yangu, alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikawaza kwamba nimeolewa na mkeka, yeyote apitaye anajifutia.

Ndipo akasimama mama mmoja, daktari wa meno. Akasema habari za mashine amezisahau zote, ila ndege hajamsahau, kwa sababu alikuwa anacheza naye pamoja na kaka yake, marehemu sasa. Akauliza nani alimbuni, na kwa nini kavaa tai.

"Ndege yule ni mimi," Tai akajibu, akashika kifua. Alijichora mwenyewe, akasema, ili vijana wajifunze kuruka juu. Ukumbi ukapiga makofi.

Mimi kicheko kilinitoka, nikajaribu kukifanya kikohozi. Mume wangu akasimama. Sikuamini.

"Ni kweli ndege ni wewe," akasema. "Lakini aliyekuchora ni mke wangu. Mwalimu, hebu waeleze."

Kipaza sauti kikanifikia. Nikawaeleza kama nilivyokuwa nikieleza darasani, taratibu, ndege alikuwa nani, alimeza vitu vya nani, na viatu vilikuwa vya nini. Watu walicheka hadi viti vikalia. Daktari wa meno alicheka kuliko wote, kisha akainama akatafuta leso.

Tai hakukasirika. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa njia ya mtaa asioujua.

"Shemeji," akasema, "kwani nilikukosea nini?"

Majibu nilikuwa nayo ya kujaza gunia. Lakini nilipomtazama, nikaona anauliza kweli. Hajui. Alikula mezani pangu miaka yote ile na hajui.

"Na hilo pia hulijui," nikamwambia, nikaketi.

Tukiwa njiani kurudi, mume wangu alikiri kwamba tangu siku ya kwanza alitambua ndege ni nani, na alimpelekea Tai makusudi. Nikamwambia huo ndio ujasiri wake, kumtuma ndege wa mkewe akaseme kwa niaba yake. Akakubali. Aliposimamisha gari kwenye taa za barabarani, akaniuliza kama kweli ile mashine ilikuwa mbaya kiasi hicho.

"Ilikuwa mbaya."

"Lakini mchezo wako ulienda vizuri ndani yake."

"Mchezo ulikuwa mzuri," nikasema. "Mashine ilikuwa mbaya. Taa ya kijani imewaka, nenda."