Neno la Lori

Taa ya loki ya difu, kifaa kinacholazimisha matairi ya nyuma kuzunguka pamoja, iliwaka kwenye dashibodi, nyekundu kabisa, na taa hiyo ndiyo iliyokuwa inamfukuzisha dereva kazi.

"Umeiona?" meneja alimwambia mbele ya wafanyakazi. "Loki ni nzima. Lori limekaa matopeni siku mbili kwa sababu ya uvivu wako wa kubonyeza swichi. Saa sita nasaini barua yako."

"Niliibonyeza, bosi. Tairi moja likawa linasaga tope, lenzake limetulia tuli."

Mama Grisi, fundi wa gereji, alikuwa anavuta jeki. Dereva alikuwa mtoto wa kaka yake, na meneja alishamwonya mapema: "Wewe ni shangazi mtu. Neno lako leo silichukui."

"Basi usichukue langu," alisema sasa. "Chukua la lori."

Alizuia matairi ya mbele kwa magogo, akainua ekseli ya nyuma mpaka matairi yakaelea, akatia gia, akaachia breki. Injini ilikuwa imezimwa. Akabonyeza swichi ya loki, na taa ikawaka palepale.

"Sukuma tairi hilo, bosi. Loki ikiuma na gia ikiwa ndani, halizunguki hata ulie."

Meneja alikunja mikono ya shati, akasukuma. Tairi likazunguka. La upande wa pili nalo likazunguka, kinyumenyume. Akasukuma tena kwa nguvu, kama anayebishana nalo.

"Sasa hii taa inamwakia nani?"

"Ndicho ninachokwenda kukitafuta. Nyamazeni kidogo."

Mama Grisi aliingia chini kwa mgongo. Sss... Akafuata mlio kwa kiganja, taratibu, kutoka tangi la upepo kuelekea kwenye difu. Kibano kilikuwa kimekatika, bomba la mpira la upepo na waya wa taa vikawa vinasuguana na ukingo wa chesisi. Mpira ulitoboka, upepo wa kuisukuma loki haukufika. Waya ulichunika, ukagusa chuma, na taa ikawaka hali loki imelala.

Meneja alijilaza kando yake, na shati lake jeupe, mpaka akagusa tundu kwa kidole chake mwenyewe. Alipotoka, aliwaita wafanyakazi wote.

"Asubuhi nimemwita huyu mvivu mbele yenu. Nimekosea."

Kisha akarudi chini ya lori, akamshikia Mama Grisi tochi.

"Shangazi," dereva alianza.

"Lete spana namba kumi na tatu, mwanangu. Mengine utanieleza tukimaliza."