Benita na Toni ya Mama Germaine

Katika kanisa letu la Kenya, mtaa mmoja wa mji wetu, Mama Germaine ndiye anayeanzisha nyimbo, na huanzia popote koo lake lilipoamkia siku hiyo. Kazi ya mpiga kinanda ni kumfuata. Benita alipiga kila wimbo katika toni ya do, kisha akabonyeza kitufe cha kuhamisha toni, juu, chini, juu tena, akiitafuta sauti ya mama huyo. Sisi wanakwaya tulifuata kinanda, na ubeti ulikwisha hatujui tuko wapi. Mimi naimba mstari wa mbele. Niliona aibu sana.

Mchungaji Stéphane alimpa Benita muda hadi Pasaka. Akishindwa, nafasi ingekwenda kwa Djo, kijana wa mtaa wa Golf aliyesomea muziki. Benita alikipenda kinanda kile kuliko kitu chochote, na hakumficha mtu.

Akaanza kuzoeza masikio. Jumamosi nzima alijifungia na programu ya simu, akitambua noti mpaka kichwa kikamuuma. Simu ilimsifu. Jumapili akapotea vilevile, maana simu humsubiri mtu ajibu, na Mama Germaine hamsubiri yeyote.

Basi akabeba kinanda kidogo hadi kwa mama mwenyewe, akamwomba aanzishe nyimbo huku akichambua sombe, majani ya muhogo ya mboga. Mama alimsikia akidonoadonoa noti, akamzuia.

"Benita, weye unatafutaka na bidole. Sikiya kwanza. Imba ile do mu kinywa, kisha njo ukamate clavier."

Mpango ukabadilika. Asubuhi alizoeza vidole toni ngeni, moja moja, bila kile kitufe. Jioni alikaa na mama kwa muda mfupi tu, mikono magotini, hagusi kinanda mpaka aiimbe mwenyewe do ya wimbo, yaani noti yake ya msingi.

Siku ya Pasaka Djo alikaa benchi la kwanza, amependeza. Mama akaanzisha. Benita hakugusa kinanda, akawa anaitafuta do kwa kinywa. Ubeti mzima ukapita hivyo, na Djo akaanza kuinuka. Kwenye kiitikio Benita akaingia, palepale alipokuwa mama, bila kubahatisha. Mchungaji akamwashiria Djo akae.

Mama Germaine akaacha kuimba. Miaka yote alikuwa akipaza sauti ili akishinde kinanda, na sasa hakuwa na wa kushindana naye. Aliketi, akafuta machozi, akatuachia beti zilizobaki.