Igizo Ambalo Mwalimu Kaha Hakulimaliza

Tusidanganyane. Garissa ina soko la mifugo la kujivunia, ina chuo kikuu, ina tuktuk mpaka kero, lakini ukumbi wa maigizo, hilo sahau. Mwalimu Kaha aliigiza miaka mitatu alipokuwa chuoni Nairobi. Tangu arudi nyumbani, mwaka wa tisa huu, hamu ya jukwaa ilikuwa imemkondesha.

Siku moja kitabu cha darasani kilileta neno la Kiingereza la kuitaja hali ya kukosa maigizo. Akawaeleza wasichana wa darasa lake asili yake: Wagiriki walichukua neno la kutazama, wakalifanya mahali pa kutazamia, theatron, kisha mtu akaja kulibandika kikanushi a- mbele. "Yaani watu wasio na mahali pa kutazama," alisema. Akageukia ubao na kukaa hivyo kitambo, maana machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Akaenda kumng'ang'ania mwalimu mkuu, Bwana Abdille, mpaka akamwachia bwalo alasiri moja. Moja tu, na asiombe tena.

Kina mama wa wanafunzi wakajaa. Kaha aliigiza mama aliyeletewa habari kwamba mwanawe amezama akivuka kwenda Ulaya. Akaketi mkekani peke yake, akalia, na alilia kwelikweli. Lilibaki onyesho la mwisho, lile aliloliota miaka yote tisa.

Hakulifikia. Mchezo au si mchezo, mfiwa wa huku haachwi mkekani peke yake. Abshiro, muuza maziwa ya ngamia, aliinuka mstari wa mbele, akavua viatu, akaketi kando yake. Wengine wakamfuata, na Fatiha ikaanza kusomwa.

"Mama Abshiro, hili ni igizo," Kaha alinong'ona, moyo ukimuuma. "Niachieni nimalize."

"Najua, abaayo, dada yangu. Ila wangu, Abdirahim, alizama kweli. Mwili haukuonekana, basi hakuna aliyekuja kunikalia matanga."

Kaha alilitamani lile onyesho la mwisho, wallahi alilitamani. Kisha akasogea, akampisha Abshiro katikati ya mkeka, akamshika mkono. Akauliza kwa ile sauti yake ya jukwaani, iliyofika mpaka kwa waliosimama mlangoni:

"Tuambie, mama. Abdirahim alikuwa mtu wa namna gani?"