Andika Doris

…na mimi nimekaa, nimeambiwa nikae na nimekaa, mgongo haugusi kiti kwa sababu Brynn wa ofisi ya matangazo amesema nikiegemea koti linakunjamana na kamera inaona, mikono juu ya magoti, uso wa mtu anayesikiliza, uso huo ninao, nimeuvaa miaka saba kwenye televisheni nikiwa jaji, jaji hufanya kazi gani zaidi ya kusikiliza, na kwaya inaimba, wamepangwa ngazi kwa ngazi mpaka wakawa mti wa Krismasi, majoho ya kijani kutoka chini hadi juu, na huko kwenye matawi ya chini, upande wa kushoto, kwenye waimbaji wa alto, yupo dada yangu Vernell, au hayupo, mwanamke yule alisema anaitwa Doris, nami nimeandika Doris kwa mkono wangu, kwa Doris, kwa upendo, Odell Gaskins, kwa hiyo ni Doris, yameisha, geuza shingo basi umtazame, sigeuzi, natazama mkono wa Bwana Haverstock unaoongoza, unapanda, unashuka, na jasho linanitiririka ndani ya kola, Florida hii, kwenye bustani hii ya michezo, Desemba na joto bado limekaa tu, wanatupulizia povu la sabuni kutoka juu ya taa tuseme ni theluji, limenitua begani, silifuti, ubeti wa pili huu, wimbo mrefu, kisha nitasimama nisome habari ya wachungaji, nitamsomea nani, Doris… 

Tatizo ni kidole. Usitazame nyuso, nilifundishwa hivyo na mwigizaji mmoja mzee nilipoanza kusaini picha, ukitazama nyuso utachoka na kila mtu atataka kukusimulia maisha yake, tazama mikono, uliza jina, andika, mwishoni ndipo unyanyue macho na tabasamu moja, anayefuata apite, na leo mchana kwenye hema nyuma ya jukwaa nilifanya hivyohivyo, maana hapa ndiyo desturi, kila msomaji maarufu anayeletwa kwenye tamasha hili hukaa mezani kabla ya onyesho na waimbaji wote wanapita mmoja mmoja kuchukua picha yenye saini, hawalipwi, wametoka makanisani na mashuleni kwa mabasi yao wenyewe, malipo yao ni uso wangu kwenye karatasi inayong'aa, na walikuwa na furaha, Mungu wangu, mzee mmoja wa besi aliniinamia akasema, "Jaji, nipunguzie kifungo, mke wangu yuko nyuma yangu hapa," hema zima likacheka, nami nikacheka, nikamwandikia kwamba ameachiwa huru, nikamwuliza mnatoka wapi, akasema Palatka, na hapo ndipo ningeinua macho, pale pale, mtu mwenye akili angesikia jina la mji wa kwao akaangalia foleni, mimi nilisema, ah, Palatka, pazuri, kama mtu aliyepaona kwenye ramani, nikaendelea na mikono, mkono wa mke wake, mkono wa binti mwenye rangi ya kucha, halafu mkono mweusi mpana wenye kidole cha shahada kilichopinda kuelekea kwenye kidole gumba, na kidole kile nakijua, kilipindwa na mkanda wa mashine ya kuchambua viazi huko Hastings, mimi nilikuwa mtoto nikiugua homa nyumbani, yeye hakwenda hospitali mpaka zamu ilipoisha kwa sababu angefukuzwa nani angenilisha… nilijua. Usijidanganye Odell, huna mtu wa kumdanganya hapa, ulijua kabla ya uso, na nyuma ya bega lako kulikuwa na kijana wa kituo cha televisheni na kamera yake na taa yake, na ulimi wako ukasema wenyewe, kwa ile sauti tamu, "Niandike jina gani, mpenzi wangu?"

Mpenzi wangu. Nilimwambia dada yangu mpenzi wangu kama ninavyowaambia wahudumu wa ndege. Na yeye hakujibu papo hapo, kalamu ilikuwa imegusa karatasi, wino ukafanya doa, kisha akasema, "Doris. Andika Doris. Mjukuu wangu hakosi kipindi chako hata kimoja." Nikaandika. Nikainua macho na tabasamu moja, na ilikuwa uso wake, umezeeka, miwani ya kamba, lakini uso wake, nikasema Krismasi njema, Doris, akasema, "Nawe pia, Jaji. Kula basi, umekonda." Akapita, nikasema anayefuata. Nilisema anayefuata… lakini subiri, wanawake wangapi kusini hii wangemwona mwanamume wa makamo na mashavu yamemwingia wasimwambie ale, wote, ni salamu yao, na vidole vingapi vimepinda, mashine ile haikubagua, pengine kuna Doris kweli, mtu wa Hastings, kashikwa na mkanda uleule, na miwani za kamba zimejaa makanisani, na miaka, ni miaka mingi sijamwona, tangu mazishi ya mama, mtu hubadilika, basi inawezekana, inawezekana kabisa kwamba nimemsainia Doris na dada yangu yuko nyumbani kwake anakaanga samaki, hana habari.

Ila ile "mmh." Sehemu ya kwanza ya Maandiko niliyosoma, safari ya mama mjamzito na mumewe kwenda kuhesabiwa, nilifika kabla ya jina la mtoto nikanyamaza, huwa nanyamaza hapo, magazeti yameandika kuhusu kunyamaza kwangu, kwamba ndiyo kipaji changu, na wakati wote wamenyamaza, hata ile treni ya michezo inayowapindua watu kichwa chini huko nyuma ya miti ilikuwa haijaleta mayowe yake, kutoka upande wa alto mwanamke mmoja akaguna mmh, guno la kanisani, la kumwambia msomaji haya, endelea, na huku hakuna anayeguna, Haverstock amewakataza hata kukohoa, akatupa jicho kule, mimi nikaendelea kusoma. Maana kunyamaza kule si kwangu. Ni kwake. Krismasi kanisani kwetu kila mtoto alipewa maneno yake ya kusema mbele ya watu, hata awe na mistari miwili, na Vernell alinishikia mwiko mdomoni kama kipaza sauti, jikoni, usiku baada ya zamu, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, nikisema, ananikatisha, hapana Dell, usikimbie, kabla ya jina nyamaza kidogo, waache wangoje, mtu akingoja anasikia. Alikuwa na miaka kumi na sita. Aliacha shule ili niende, mama alikuwa akikata majani ya kupambia maua mashambani na mgongo wake ulikuwa umekwisha, na mimi nimekula kwa sauti ya Vernell maisha yangu yote, nimejenga nyumba kwa sauti yake, nikaiita ya nani, ya bibi. Bibi yangu kipofu. Sikuwahi kuwa na bibi kipofu! Mama yake mama alikufa kabla sijazaliwa na alikuwa anaona vizuri tu, lakini mtangazaji wa kwanza kunihoji aliniuliza nani alinifundisha kusoma vile, studio ya moto, nilikuwa kijana, nikamwona ameanza kuchoka na mimi, dada mchambua viazi ingekuwa habari ya dakika moja, nikasema bibi, nikaona macho yake yameamka, nikaongeza kipofu, akashika mkono wangu, na tangu hapo bibi akawa anakua mwenyewe, ana kiti chake, ana wimbo wake, mimi ni mjukuu pekee, yatima, sina ndugu, nimesema hivyo, sina ndugu, Bibi pekee, na chama cha wasioona kikanipa ngao, ipo sebuleni, naipita kila asubuhi nikienda kunywa kahawa.

Na leo waliisoma tena habari hiyo ya bibi. Tarumbeta zilipomaliza, yule mtangazaji wa bustani mwenye tai ya matawi akanikaribisha, mabibi na mabwana, kijana wa Florida aliyelelewa na bibi yake kipofu, asiye na ndugu duniani, aliyejifunza Maandiko akiwa gizani pamoja naye, makofi, wengine wakifuta macho, na nyuma yao, hapana, nyuma yangu, Vernell amesimama na joho la kijani linalomwishia chini ya magoti, mikono yake imeshika folda, anasikiliza kwamba hayupo. Aibu hii ina joto lake, haifanani na joto la hewa… na mzee wa besi naye amesikia, na mke wake, basi zima la Palatka limesikia, wale wanamjua Vernell, wanamjua ni nani kwangu, lazima wanajua, wameketi naye kwenye basi wakila pai ya viazi vitamu, kwa hiyo hema lile lilipocheka na mimi, walijua, walipita mmoja mmoja mbele yangu wakijua, na hakuna aliyesema, kwa nini hakuna aliyesema, nani angewakataza kama si yeye.

Ubeti wa tatu. Kwa nini Doris? Kama alitaka kuniumiza angesema jina lake. Andika Vernell, mdogo wangu. Hapo hapo ningekwisha. Nilidhani ni tusi, mlangoni mwa hema nilijiambia, sawa, amenikana, umenikana nami nimekukana, tuko sawasawa, karibu nifurahi, kisha nikaogopa, nikasema ana mpango, mjukuu atairusha picha ile mtandaoni, tazameni mtu amemwandikia dada yake Doris, nikataka hata Brynn anitafutie wakili, kweli, niliwaza wakili, dhidi ya mtu aliyenikogesha… lakini alitazama wapi kabla ya kujibu? Nilikuwa natazama kidole, ila kivuli cha kichwa chake kilikuwa mezani, kiliinuka, kikapita juu yangu, alikuwa anatazama kamera. Ile taa. Aliona kijana na mashine yake, akaona kalamu yangu imesimama na doa linakua, akajua kwamba akisema Vernell uso wangu utaanguka na watu wote wataona ukianguka, kwa hiyo akanipa jina lingine, jina jepesi, la kuandikika, ili mkono wangu utembee. Hakunikana. Amenisitiri. Nimejitia hamnazo mbele yake na yeye akachukua hamnazo yangu akaivaa, akaifunga na vifungo, akaniambia nile. Na kanisa zima akalifunga mdomo kwa ajili yangu, nani ajuaye tangu lini, kila Krismasi wakimwuliza mbona Dell anasema hana ndugu, anawajibu nini, anawajibu nini dada yangu, anasema ni mambo ya televisheni, muacheni mtoto.

Basi nitasema. Sasa hivi, nikisimama, kabla ya wachungaji, nitashika kipaza sauti niseme samahani mabibi na mabwana, nina jambo, hapakuwa na bibi, palikuwa na dada, na dada huyo yuko hapa jioni hii, kisha nitanyamaza, kidogo, waache wangoje, halafu ndipo nitaje jina, na taa itamtafuta kwenye matawi, watasimama wote, Brynn atalia, kijana wa kamera… shetani wewe. Umeshapanga taa. Mtu hajatoka hata kwenye wimbo wake na wewe umeshampangia taa, umeshaweka kule kunyamaza kwake pale pale kwenye jina lake, kesho uwe mtu aliyekiri mbele ya umati, Odell mnyenyekevu, watakupa ngao nyingine. Naona haya. Nimeona haya tangu mchana lakini ile ilikuwa ya kukamatwa, hii ni nyingine, hii ni ya kujijua.

Nimegeuza shingo. Yupo, mstari wa pili kutoka chini, mdomo wazi kabisa anaimba kama wanavyoimba kwetu, na ananitazama, sijui ameanza kunitazama saa ngapi, na ninadhani uso wangu umesema yote, kipaza sauti na taa na machozi, maana amenisoma, huku anaimba, bila kupoteza neno hata moja, ametikisa kichwa. Kidogo sana. Usifanye, Dell. Kisha akarudisha macho kwa Haverstock, ana kazi. Sitasema kitu. Nitasoma wachungaji nilivyoandikiwa, na onyesho likiisha nitapita nyuma kwenye maegesho ya mabasi bila Brynn na bila kamera, nitapanda basi la Palatka mbele ya wale wote walioninyamazia, na huko hakutakuwa na mtu wa kunisitiri, mzee wa besi atataka kujua nimekuja kumtafuta nani, na nitalazimika kumjibu. Nina dada. Nalijaribu neno hilo midomo ikiwa imefungwa, nina dada, anaitwa Vernell, hakuna anayesikia, haijawa kitu bado, povu linaanguka, kwaya bado iko ubeti wa tatu na mkono wa Haverstock uko juu, nami nimekaa, mgongo haugusi kiti.