Kifaa cha Wasiosikia

Kengele ya kumaliza zamu ililia. Chiriku alijua imelia kwa sababu wenzake waliziacha mashine za kufuma na kuanza kukung'uta vumbi la pamba nywelini. Akazima yake, akapanga foleni ya kukaguliwa mlangoni. Jina la Chiriku alibandikwa siku alizoingia kiwandani, kwa kupenda soga. Siku hizi aliongea kwa kelele, na akiongeleshwa aliikodolea macho midomo ya mtu.

Nje mumewe alikuwa akimsubiri, mtoto begani. Alikuwa mlinzi wa usiku, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Alingoja mkewe amtazame ndipo aseme.

"Twende dukani leo hii hii. Mimi yale ya asubuhi siyataki tena."

Asubuhi mume alirudi kutoka kazini akamkuta jirani anagonga mlango wao kwa ngumi. Ndani, mtoto alikuwa amelia mpaka sauti imemkauka, mguu umenasa kati ya kitanda chake na ukuta, umevimba. Na Chiriku alikuwa amelala kitanda cha pili, mgongo kwa mtoto, usingizi wa pono.

Dukani, muuzaji alipanga vifaa juu ya kaunta.

"Hiki ni cha sauti tupu. Unakwenda nacho jikoni, mtoto akilia chumbani unamsikia. Hiki kina kamera. Na hiki," akafungua boksi, "ni cha wasiosikia. Mtoto akilia, hiki kisahani kinatetemeka chini ya mto. Kuna asiyesikia nyumbani?"

Mumewe alifungua mdomo ajibu. Chiriku akamkanyaga mguu. Mlangoni alikuwa ameingia msimamizi wa zamu, mwanamke ambaye neno lake moja kwa meneja lilitosha kumtoa mtu kazini. Kiwanda hakikumweka mtu asiyesikia kengele ya hatari. Vipimo vya masikio vya mwaka uliopita viliwatoa wafumaji wawili, mikono mitupu, na vya mwaka huu vilikuwa kesho yake.

"Nataka cha sauti," Chiriku alisema.

Mumewe akamnong'oneza. Alisahau kuwa kumnong'oneza ni kazi bure, lakini midomo yake ilisomeka vizuri: "We mwanamke, utakifanyia nini?"

Muuzaji akaingia nyuma ya pazia ili wakijaribu. Lazima aliuliza kama wanamsikia, maana mtoto aligutuka.

"Vizuri kabisa!" Chiriku alijibu, na watu wakageuka.

Muuzaji alirudi, akamwendea msimamizi kwa nyuma, akamkaribisha. Msimamizi hakugeuka. Akamkaribisha tena. Wapi! Mpaka alipozunguka na kusimama mbele yake ndipo mwanamke yule alipotabasamu.

"Natafuta kengele ya mlango," alisema. "Ile ya taa. Mgeni akibonyeza, inamulika ndani." Kisha akamwona Chiriku. "Ni ya mama yangu," akaongeza haraka. "Uzee, masikio yamechoka."

Mama huyo alikuwa amekufa. Chiriku alikwenda mazikoni.

Wakatazamana. Msimamizi ndiye aliyeangalia chini kwanza.

"Basi na mimi nibadilishie," Chiriku alimwambia muuzaji. "Nipe cha kutetemeka. Mama mkwe anakuja kukaa kwetu. Hasikii hata kidogo."

Mumewe, ambaye mama yake alinasa umbea kutoka mtaa wa tatu, alikohoa na kutazama dari.

Nje, msimamizi alimvuta Chiriku kando, akatamka neno moja moja.

"Kesho wakikuvalisha zile spika za masikioni, usimtazame daktari usoni. Tazama mkono wake. Kidole kikibonyeza kitufe cha sauti, inua mkono. Mara mojamoja usiinue, wasije wakashtuka."

"Ahsante, dada."

"Usinishukuru. Nina watoto wanasoma. Na wewe unaye huyo."

Kesho yake, katika zahanati ya kiwanda, Chiriku alikaa kitini na kukikazia macho kidole cha daktari kama anayetunga uzi kwenye sindano. Kidole kikabonyeza, akainua mkono. Kikabonyeza, akainua. Kikabonyeza, akaacha.

Daktari akamvua spika, akamgeukia.

"Kelele za mashine zinakusumbua?"

"Hapana, daktari."

"Masikio hayavumi?"

"Hayavumi."

Daktari akamtazama meneja, aliyekuwa amesimama dirishani na kikombe cha chai.

"Ukumbi mzima wa wafumaji wamefaulu, bosi. Hao wanaodai vizibo vya masikio wanatafuta visingizio tu."

Meneja akageuza uso, akasema jambo ambalo Chiriku hakuweza kulisoma. Daktari akacheka. Chiriku alingoja kidogo, kisha akacheka na yeye.