Kioo Cheusi cha Iliasi

Iliasi alikuwa na kibanda cha picha karibu na soko la Kasongo. Maharusi walikuja kwake, na watoto wa komunyo ya kwanza, na wazee waliotaka sura yao ibaki kabla haijaharibika zaidi. Kazi ilimlisha, lakini haikumshibisha. Alichokipenda ni vilima na maji, na kila alipovipiga, mbingu ilitoka nyeupe pee kama sanda na ardhi ikatoka kiza.

Dawa yake aliijua. Kuna vioo vya mraba vinavyotumbukizwa kwenye fremu mbele ya lenzi, ukavipandisha na kuvishusha mpaka giza la kioo lifunike mbingu peke yake. Miaka yote hiyo alivisoma kwenye simu kama mtu anayesoma barua za mchumba. Fremu ndogo huonyesha pembe zake kwenye picha pana, kubwa mno haibebeki kwa pikipiki, na kioo cha plastiki huchubuliwa na vumbi la njia ya Kabambare kabla hujafika unakokwenda. Mkewe Aicha alimcheka. "Baba Djamali, mchagua jembe si mkulima."

Ndipo akaja Yves, mtu wa kampuni ya dhahabu, mwenye viatu visivyojua tope. Alitaka picha za bonde la Kamilimbi, upande wa Wamaza, na Iliasi akamweleza habari za vile vioo. "Chagua hiyo fremu yako, na kioo kimoja," alisema. "Sosiete yetu italeta, na itabaki yako."

Kioo kimoja! Kulikuwa na kile chenye giza nusu, ambacho ndicho kilichofaa mbingu za Wamaza. Na kulikuwa na cheusi tititi, kinachoilazimisha kamera ikae imefumbua jicho kwa muda wa mtu kusali rakaa mbili, mpaka maji yanayokimbia yatulie kama maziwa kwenye bakuli. Mtu mwenye akili angechukua cha kwanza. Iliasi alichukua cheusi, kwa uroho tu, uroho wa macho, na Yves akatabasamu kama aliyepewa zawadi yeye.

Bonde la Kamilimbi halikuwa geni kwake. Ndiko alikozaliwa Aicha, na ndiko mama mkwe wake, Mama Hidaya, alikolima. Hakuuliza picha zilikuwa za nini. Au aliuliza kimoyomoyo, akajijibu haraka.

Asubuhi aliyofika, wanawake walikuwa shambani ng'ambo ya kijito. Kule hulima kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mstari mmoja wa majembe, na anayenyoosha mgongo kabla mstari haujafika mwisho huchekwa hadi jioni. Adabu ya ukwe ilimzuia Iliasi kumkaribia mama mkwe wake akiwa ameinama na kanga imepandishwa. Akabaki mbali, kilimani, akafunga kamera kwenye miguu yake mitatu, akatumbukiza kioo, akangoja. Picha ilipotokea alikaribia kulia kwa furaha. Maji yalikuwa maziwa matupu. Hakutazama kingine.

Alimkabidhi Yves, na akaiona tena imetundikwa ukutani, kubwa kama mlango, kwenye bilo ya teritware, ofisi ya serikali huko Kabambare. Wanawake wa Kamilimbi walikuwa wameitwa kusikiliza. Afisa wa ardhi akaionyesha kwa kalamu. Ardhi tupu, alisema. Hakuna mtu, hakuna jembe, kwa hiyo kampuni inaweza kupewa.

Mama Hidaya alisimama, akaenda mpaka ukutani, akaweka kidole kwenye nyasi. "Siku ile tulikuwa tunalima. Mimi niliona mukwe wangu kule juu. Mimi niko hapa. Sasa niko wapi?"

Hapo ndipo Iliasi alipoelewa alichokifanya, na aibu ilimchoma mpaka masikioni. Akasimama akaeleza mbele ya watu wote. Kioo kile hakishiki kinachotembea. Maji, majembe, migongo inayoinuka na kuinama, vyote huyeyuka. Kinachobaki ni kilichotulia.

Afisa akacheka. "Kioo kinachokula watu? Huo ni uchawi, bwana. Picha haina mdomo wa kusema uongo." Kisha, kwa mzaha au kwa haki, Mungu ndiye ajuaye, akaongeza, "Leteni nyingine. Mahali pale pale, kwa kioo kile kile. Watu wakionekana, nitaikataa hii."

Nje ya bilo Iliasi alijaribu. "Mama, kampuni imekwisha kuweka walinzi kule. Kioo hiki ni cha polepole. Niache nipige upesi, bila kioo, halafu tukimbie."

"Alisema kioo kile kile," Mama Hidaya alijibu. "Ukibadilisha, Yves atasema umedanganya. Ile kioo ilitufuta, ile ile itatuonyesha. Tutasimama, hatutatikisika."

"Basi nianze na ile ya upesi."

"Anza na ile waliyoomba, baba."

Mkwe habishani na mama mkwe. Angekuwa mtu mwingine yeyote Iliasi angepiga kelele, angekataa, angevunja kioo kwa jiwe. Kwake yeye aliinamisha macho, akaitika.

Walisimama kwenye mstari wao wa kulimia, majembe begani, Mama Hidaya katikati. Iliasi akafungua jicho la kamera. Muda si muda walinzi wakachomoza kutoka kwenye miti ya kijitoni, wakikimbia na kufoka. Wanawake hawakusogea. Mlinzi wa mbele alipomfikia Mama Hidaya alimpiga kichwani kwa kitako cha bunduki bila kusimama, kama mtu anayefyeka jani la njiani, akaendelea kukimbia kuelekea kilimani, kwenye kamera. Mama Hidaya alianguka. Akiwa chini, sauti yake ilifika mpaka kule juu.

"Musitikisike!"

Nao hawakutikisika. Walilia wamesimama. Iliasi naye akalia, kidole kwenye kitufe, akiomba muda uishe na akiogopa uishe. Walinzi walipokaribia alifunga jicho la kamera, akaing'oa, akakimbilia pikipiki. Kioo kilianguka kikavunjika. Ile ya upesi hakuipiga.

Mama Hidaya alizikwa kesho yake huko huko Kamilimbi.

Baada ya arobaini Iliasi na Aicha waliipeleka picha bilo. Afisa aliitazama kwa muda mrefu. Wanawake wote walikuwepo, nyuso zimefifia kwa kilio lakini miili imesimama imara, na majembe begani. Katikati kulikuwa na kivuli cha mwanamke, chepesi kama moshi wa jiko, na chini ya kivuli kile mwanamke yule yule amelala. Afisa akaishusha ile picha kubwa ukutani, akaiviringisha.

"Sawa. Watu wapo. Kampuni haitapewa."

"Na mama yangu?" Aicha aliuliza. "Mulinzi aliyemuua?"

Yves alikuwa amekaa pembeni. Akajongea, akaitazama picha, akasema kwa upole kwamba wale wamama walisimama sana juani, na mama yule alikuwa mtu mzima. Afisa akainama tena, akaichunguza picha yote, pembe hadi pembe. Kijito kilikuwa maziwa. Nyasi zilikuwa nyasi.

"Mlinzi yuko wapi?" alimwuliza Iliasi. "Nionyeshe."

"Alikuwa anakimbia," Iliasi alisema. "Nilikueleza. Kinachotembea..."

"Bwana, wewe ndiye uliyeileta. Picha haina mdomo wa kusema uongo."

Aicha aliweka kidole kwenye nyasi, kando ya mama yake. "Alikuwa hapa?" alimwuliza mumewe.

"Hapo hapo," Iliasi alijibu.

Aicha hakukiondoa kile kidole mpaka afisa alipoomba kufunga mlango.